Maswali na Majibu: Daraja Lisilo na Viungio Hutanukia Wapi?

Katika toleo lililopita tulisema, kwa aya moja tu, kwamba madaraja mengi ya barabara kuu siku hizi husanifiwa bila viungio vya kutanukia, yaani ile mianya yenye vyuma au raba inayoikata barabara kwenye ncha za daraja na juu ya nguzo zake. Aya hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua zile zenye kuwafaa wengi, tukazifupisha, na mhandisi wa safu hii amezijibu.

Swali: Mimi si mhandisi, ni dereva wa magari ya masafa marefu. Kila ninapoingia darajani na kila ninapotoka, tairi hugonga chuma. Miaka yote niliambiwa kwamba mwanya ule ndio unaoliokoa daraja lisipasuke wakati wa joto. Leo mnasema uondolewe. Je, tulidanganywa?

Hukudanganywa, ndugu dereva. Zege na chuma hutanuka vikipata joto na kusinyaa vikipoa, tena kwa viwango vinavyokaribiana sana, na ukaribu huo ndio unaoziwezesha nondo kuishi ndani ya zege bila kuachana nalo. Kila joto linapopanda kwa nyuzi 1 ya Selsiasi, urefu wa mita 1 wa zege huongezeka kwa takriban milimita 0.010 hadi 0.012. Ni kitu kidogo mno kuonekana kwa macho, lakini madaraja ni marefu na misimu hubadilika: daraja la mita 100 ambalo joto la mwili wake hutofautiana kwa nyuzi 40 kati ya siku ya baridi kali na siku ya jua kali litapishana urefu kwa milimita 40 hadi 48. Wasanifu wa zamani waliona njia rahisi ni kuliachia daraja nafasi ya kutembea: likawekwa juu ya beringi, yaani vikalio vya kuteleza au vya raba kati ya boriti na nguzo, na mwanya ukaachwa mwishoni, ukafunikwa kwa kifaa ambacho magurudumu yanaweza kupita juu yake.

Hoja yao ilikuwa sahihi; kilichowaangusha ni kifaa chenyewe. Kiungio ndicho kipande dhaifu kuliko vyote darajani, nacho huwekwa mahali penye adha kuliko pote, kwa kuwa kila ekseli ya kila lori hukigonga, mchanga hujaa ndani yake na kukizuia kufunga, raba hukatika, boliti hulegea, na kila kinapobadilishwa sharti barabara ifungwe. Hata hivyo kishindo kile unachokisikia si hasara kubwa. Hasara kubwa iko chini, mahali ambapo dereva hapaoni.

Atakayesimama chini ya kiungio kilichochakaa na kuinua macho ataona michirizi ya kutu ikishuka kwenye uso wa nguzo, beringi iliyozama katika matope yaliyodondoka kutoka juu, na ncha za boriti ambazo zege lake la nje limebanduka na kuziacha nondo wazi. Maji ya barabarani, na katika nchi za baridi chumvi ya kuyeyusha barafu iliyomo ndani yake, hupita katika mwanya na kutua juu ya ncha za boriti, ambapo ndipo mzigo wote wa boriti unapohamia kwenye beringi. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo nondo zikishaanza kuoza hulipasua zege kutoka ndani, na nyufa hizo huyakaribisha maji zaidi.

Mnamo tarehe 30 Septemba 2006, sehemu ya daraja la juu la de la Concorde huko Laval, katika jimbo la Québec nchini Kanada, iliporomoka na kuua watu 5. Sitadai kwamba kiungio ndicho kilichoua: tume ya uchunguzi ilibaini kwamba nondo zilikuwa zimepangwa vibaya na kwamba zege halikuwa na ubora wa kuhimili baridi na chumvi. Lakini daraja hilo, lililofunguliwa mwaka 1970, lilikuwa na kiungio juu kabisa ya mahali ambapo kipande kimoja kilikalia kingine, maji yalikuwa yakivujia humo, na mahali hapo palikuwa pamefichika kiasi kwamba mkaguzi hakuweza kupaona vizuri bila kuinua sehemu ya daraja. Kiungio kinachovuja juu ya sehemu nyeti isiyokaguliwa ni mchanganyiko ambao msanifu wa leo hana sababu ya kuurudia.

Swali: Ninasoma mwaka wa tatu wa uhandisi ujenzi. Tulifundishwa kwamba kitu kikizuiwa kutanuka hujengeka mkazo ndani yake. Mkilifunga daraja kwenye ncha zote mbili, mkazo huo unakwenda wapi?

Swali hili ndilo kiini cha jambo lote, na jibu lake ni kwamba hatulifungi. Fanya hesabu mwenyewe. Chukua zege lenye ugumu wa newtoni 30,000 kwa milimita ya mraba, lizuie kabisa lisitanuke, kisha ulipandishie joto kwa nyuzi 30: mkazo utakaojengeka ni takriban newtoni 9 kwa milimita ya mraba. Zidisha kwa eneo la mkato wa daraja la kawaida, tuseme mita 6 za mraba, na utapata msukumo unaolingana na uzito wa zaidi ya tani 5,000. Hakuna egemeo, yaani ule ukuta wa mwisho unaobeba ncha ya daraja na kulizuia tuta la barabara, ambalo litapingana na nguvu hiyo kwa gharama inayokubalika. Daraja litatembea tu, tupende tusipende.

Kwa hiyo daraja fungamano, yaani lile ambalo boriti zake zimemwagwa pamoja na egemeo zikawa kitu kimoja, si daraja lililozuiwa. Ni daraja ambalo egemeo lake limefanywa jepesi na laini ili liende na kurudi pamoja nalo. Badala ya ukuta mnene uliosimama juu ya msingi mpana, huwekwa ukuta mfupi juu ya mstari mmoja wa nguzo za msingi, yaani zile zilizozamishwa ardhini, na mara nyingi hizo huwa za chuma chenye umbo la H. Wasanifu wengi huzielekeza ili zipindike kwa upande wao dhaifu, na udongo ukiwa mgumu, mita chache za juu huchimbwa mashimo mapana kuliko nguzo na kujazwa mchanga uliolegea. Mtu aliyezoea kufikiri kwamba nguvu ya jengo ni ugumu wake huona jambo hili kama kichekesho, kwamba unamlipa mhandisi ili adhoofishe msingi kwa makusudi. Lakini nguzo inayopindika kwa milimita 20 bila kulalamika ni bora kuliko nguzo ngumu inayovunjika kwa milimita 5. Uzito wa daraja inaubeba kwa kusimama wima, na mwendo wa joto inaupokea kwa kupinda.

Huenda ukauliza kwa nini hawakufanya hivyo tangu mwanzo. Sababu mojawapo ni hesabu. Boriti iliyolazwa juu ya beringi mbili hukokotolewa kwa mistari michache, ilhali fremu iliyoshikana kila mahali ilihitaji kutatua milinganyo mingi kwa wakati mmoja, kwa mkono. Mwaka 1930 Hardy Cross, profesa wa Marekani, alichapisha njia yake ya kugawa momenti, yaani nguvu za kupinda, ambayo kwayo mhandisi mwenye karatasi na penseli aliweza kuikaribia fremu kwa hatua za kurudiarudia mpaka jibu litulie. Miaka michache baadaye, mwaka 1938, jimbo la Ohio lilijenga daraja la Teens Run, daraja la spani 5, yaani vipande 5 kati ya egemeo au nguzo moja na inayofuata, la bamba la zege lililoendelea bila kukatika kutoka ncha hadi ncha, na ambalo hutajwa miongoni mwa madaraja fungamano ya kwanza nchini humo.

Swali: Mimi ni fundi sanifu na nimekagua madaraja mawili ya aina hii. Yenyewe ni mazima, lakini barabara nyuma ya egemeo imebonyea, na juu ya lami kuna ufa ulionyooka kutoka kingo hadi kingo. Je, hatujahamisha tu tatizo?

Mmelihamisha, naam, na ndivyo ilivyokusudiwa. Ila inaelekea mwishoni hamkulipatia makazi mazuri.

Tazama yanayotokea nyuma ya ukuta. Msimu wa joto daraja hurefuka na kuusukuma ukuta kuelekea kwenye kifusi, yaani changarawe iliyojazwa nyuma yake. Msimu wa baridi daraja husinyaa, ukuta hurudi nyuma, na nafasi ndogo hufunguka kati yake na changarawe. Changarawe haisubiri: punje za juu huporomoka na kuijaza nafasi hiyo kama kabari. Joto linaporudi, ukuta haukuti tena kifusi cha mwaka jana bali kifusi kilichojazana zaidi, hivyo ni lazima usukume kwa nguvu kubwa kuliko awali ili ufike palepale. Mwaka hadi mwaka shinikizo la udongo dhidi ya ukuta hupanda, na uso wa ardhi nyuma yake hushuka, kwa sababu punje zilizoteremka ziliacha pengo juu. Juu ya mzunguko huu wa mwaka kuna ule wa kila siku, wa mchana na usiku, ambao ni mdogo kwa kimo lakini hujirudia mara nyingi zaidi. Daraja lililosanifiwa kuishi miaka 120, kama inavyotakiwa Uingereza, litapitia mizunguko mikubwa 120 na midogo zaidi ya 43,000.

Ukubwa wa shinikizo hilo si wa kupuuza. Changarawe iliyoshindiliwa vizuri, ikisukumwa hadi kikomo chake, inaweza kutoa shinikizo la zaidi ya mara 10 ya lile inalotoa ikiwa imetulia. Kwa miondoko midogo ya daraja fupi kikomo hicho hakifikiwi, lakini msanifu anayetumia shinikizo la ukuta wa kawaida wa kuzuia udongo amekosea mahali pa hatari, na waraka wa Uingereza wa mwaka 1996 kuhusu usanifu wa madaraja fungamano ulitoa kanuni za kulikadiria kulingana na kimo cha ukuta na ukubwa wa mwendo wake. Wapo wanaodhani watalikwepa kwa kuweka kifusi kilicholegea. Hiyo ni faraja ya muda mfupi, kwa maana ukuta wenyewe utakishindilia ndani ya misimu michache, na mbonyeo wa barabara utakuwa mkubwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye ufa wako. Tiba ya kawaida ni bamba la kuingilia darajani: bamba la zege, mara nyingi lenye urefu wa takriban mita 6, ambalo ncha yake moja imefungwa kwa nondo kwenye egemeo na nyingine imekalia boriti ndogo iliyozikwa ndani ya tuta. Bamba hilo huvuka juu ya eneo linalobonyea, na kwa kuwa limefungwa darajani, huenda na kurudi pamoja na daraja. Matokeo yake ni kwamba mwendo wote hujitokeza kwenye ncha ya mbali ya bamba, mahali ambapo huwekwa nafasi rahisi iliyojazwa kitu laini au lami maalumu. Ikiwa madaraja yako hayana bamba hilo, ufa utatokea kwenye mgongo wa egemeo. Ikiwa yanalo lakini mwisho wake haukuachiwa nafasi, lami itajipasulia yenyewe mita 6 kutoka hapo. Pima umbali wa ufa kutoka kwenye egemeo na utajua ni lipi kati ya hayo mawili, kisha chunguza kama maji yanaingia hapo na kuelekea kwenye kifusi.

Kuna atakayesema kwamba basi tumekiondoa kiungio darajani tukakipeleka barabarani. Ni kweli kabisa, na sioni haya kulikiri hilo. Kiungio kikivuja juu ya beringi na ncha za boriti hula jengo la gharama kubwa ambalo huwezi kulifikia bila jukwaa na jeki. Kikivuja mita 6 kutoka hapo, maji huingia kwenye changarawe iliyotengenezewa mfereji wa kuyatoa, na ukarabati wake ni kazi ya asubuhi moja kwa kikosi cha barabara. Hakuna msanifu anayeweza kuufuta mwendo. Anachoweza ni kuchagua utakapolipiwa.

Zipo njia nyingine za kuusaidia udongo, kama vile kuweka tabaka la povu gumu lenye kubonyea kati ya ukuta na kifusi, au kulijenga tuta kwa matabaka yaliyoshikwa na nyavu ili lisimame lenyewe bila kuuegemea ukuta. Zinafanya kazi, ila ningezihifadhi kwa madaraja marefu. Kwa daraja la mita 30, kifusi safi kinachopitisha maji na bamba lililofungwa vizuri vinatosha.

Swali: Daraja la aina hii linaweza kuwa refu kiasi gani?

Inategemea unamuuliza nani. Uingereza, kanuni za miaka ya 1990 zilitaka madaraja yenye urefu usiozidi mita 60 na mshazari, yaani kiasi cha kuachana na pembe mraba, usiozidi nyuzi 30 yawe yameendelea bila kukatika na yawe fungamano, na mwendo kwenye kila egemeo usizidi milimita 20 kwenda au kurudi. Jimbo la Tennessee nchini Marekani lilikwenda mbali zaidi kwa miongo mingi, likiruhusu takriban mita 122 kwa daraja la boriti za chuma na mita 244 kwa la zege, na hata hapo halikuishia: daraja lake la Happy Hollow Creek, la zege na lenye kupinda, lina urefu wa karibu mita 358 na halina kiungio. Tofauti hizi hazimaanishi kwamba fizikia hubadilika mpakani. Zinatokana na aina ya udongo, aina ya nguzo za msingi zilizozoeleka na, kwa kiasi fulani, ujasiri wa wakuu wa idara zilizozitunga.

Mshazari hustahili tahadhari kuliko urefu. Daraja likikatiza barabara ya chini kwa pembe kali, misukumo ya udongo kwenye egemeo mbili haielekeani tena katika mstari mmoja, hivyo daraja hutaka kujizungusha katika uso wake. Madaraja mengi mafupi yenye nyufa kwenye kona yanaumwa ugonjwa huu.

Lakini mfano ninaoupenda kuliko yote uko karibu na Klosters, Uswisi. Daraja la Sunniberg, lililosanifiwa na Christian Menn na kukamilika mwaka 1998, lina urefu wa mita 526 na limefungwa moja kwa moja kwenye maegemeo yake, bila beringi na bila kiungio. Siri yake ni pinda: njia yake ni sehemu ya duara lenye nusu kipenyo cha takriban mita 503, na joto linapopanda, daraja halisukumi ncha zake bali hutanuka kuelekea upande wa nje wa pinda, nguzo zake nyembamba ndefu zikiinama kidogo kulifuata. Pinda hilo ambalo msanifu mwingine angeliona kuwa usumbufu, Menn alilifanya kuwa mahali pa kutanukia.

Swali: Mahali ambapo hakuna majira ya baridi wala chumvi barabarani, je, haya yote yana faida?

Yana faida, na kwa upande mmoja ni rahisi zaidi. Tofauti ya joto la daraja ikiwa nyuzi 20 badala ya 40, daraja la zege la mita 60 litapishana kwa milimita 12 hivi, yaani milimita 6 kila upande, kiasi ambacho nguzo za msingi hazitakihisi sana. Chumvi ya barabarani haipo, ingawa ile ya upepo wa bahari huweza kuwepo, na maji matupu yenye mchanga yanatosha kuua beringi. Jambo ambalo watu husahau ni kwamba zege jipya hufupika bila kujali msimu, kwanza kwa kukauka, kisha kwa kuendelea kubanwa na nyaya zilizokazwa ndani yake. Ufupisho huo hauendi na kurudi; ni wa upande mmoja na unaendelea kwa miaka. Mahali penye joto tulivu unaweza kuuzidi mwendo wa joto wenyewe, na msanifu anayehesabu nyuzi za joto peke yake atakuwa amehesabu sehemu ndogo ya tatizo.

Swali: Idara yetu ina daraja la zamani la spani 3 za mita 20 kila moja, boriti za zege zimelazwa juu ya beringi, na viungio 4 vyote vinavuja. Fedha za kujenga jipya hazipo. Je, tunaweza kuviziba tu?

Kuziba kwa lami juu ya mwanya msikufanye. Mwendo upo palepale, lami itapasuka kabla msimu haujaisha, na ufa utakuwa umefichika. Linaloweza kufanyika ni kuondoa viungio 2 vya juu ya nguzo za kati kwa bamba kiungo, na hii ndiyo kazi ninayoiona yenye faida kubwa kuliko zote katika fani hii, kwa sababu madaraja ya aina yenu ni mengi kuliko yatakayojengwa mapya.

Hufanywa hivi. Zege la sakafu hukatwa pande zote mbili za kiungio, kifaa cha zamani hutolewa, na bamba jipya lenye nondo nyingi humwagwa kuvuka mwanya. Boriti zenyewe haziunganishwi. Hubaki kila moja juu ya beringi zake. Lori linapoielemea spani, ncha ya boriti huzunguka kidogo, na bamba hulazimika kupinda pamoja nayo. Likiwa fupi na limeshikamana na boriti litapasuka mara moja. Kwa hiyo huachanishwa na boriti kwa urefu wa takriban asilimia 5 ya spani kila upande, kwenu ni mita 1 huku na mita 1 kule, kwa kuondoa vishikizo na kutandika karatasi isiyoshika zege, ili mzunguko usambae kwenye urefu wa mita 2. Nyufa zitakuwepo, ila nondo zilizopangwa kwa ukaribu huzifanya ziwe nyingi na nyembamba badala ya moja pana. Katika jimbo la Michigan, mwaka 2005, bamba la namna hii lilijengwa kwenye daraja la Grove Street kwa zege maalumu lenye nyuzinyuzi lililobuniwa na Victor Li na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan, zege linaloweza kuvutika kwa zaidi ya asilimia 3, mara mia kadhaa kuliko la kawaida, huku nyufa zake zikibaki nyembamba chini ya milimita 0.1.

Kabla hamjamwita mkandarasi, chorani ramani ya beringi, maana hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kwa sasa kila spani yenu ina ncha moja iliyoshikwa na nyingine inayoteleza, na kila kiungio hupokea mwendo wa spani moja, tuseme milimita 8. Mkishaunganisha sakafu, spani 3 zinakuwa mwili mmoja wa mita 60. Beringi za kushika zikibaki juu ya nguzo mbili tofauti, nguzo hizo zitavutana na kusukumana kila msimu, na nyufa zitatokea chini yake mahali ambapo hapakuwa na ugonjwa. Mkiacha ncha moja tu ya daraja imeshikwa, kiungio cha ncha ya pili kitapokea milimita 24 na hakikubuniwa kwa hizo. Mara nyingi suluhisho zuri ni kubadilisha beringi zote ziwe za raba, ili daraja litanuke kutoka katikati, milimita 12 kila upande, na nguvu za breki zigawanywe kwa nguzo zote.

Viungio 2 vya ncha navyo vinaweza kuondolewa bila kubomoa maegemeo, kwa kuligeuza daraja kuwa nusu fungamano: ukuta wa juu wa egemeo hukatwa, boriti kingamo ya zege humwagwa kuzifunga ncha zote za boriti, na sakafu huendelezwa kupita juu ya egemeo hadi kwenye bamba la kuingilia. Beringi hubaki, egemeo la zamani hubaki limetulia, na kifusi husukumwa na boriti kingamo peke yake, ambayo kimo chake ni kidogo. Kwa udongo wenye miamba karibu, ambako nguzo za msingi haziwezi kupinda, hata daraja jipya ningelijenga hivi.

Anayedhani kwamba haya yanafaa kwa madaraja madogo tu na atazame njia ya juu ya Isola della Scala, karibu na Verona, Italia. Ilianza kujengwa kwa spani zilizolazwa moja moja, kazi ikasimama, na iliporejelewa wahandisi walibadili usanifu, wakaunganisha spani zote na nguzo na maegemeo yake, na mwaka 2007 ikakamilika kama daraja fungamano la spani 13 lenye urefu wa takriban mita 400.

Tahadhari moja: tengenezeni ncha za boriti zilizooza kwanza. Bamba zuri juu ya boriti mbovu huzuia maji mapya, lakini haliziondolei nondo kutu zilizokwisha kuipata.

Swali: Je, katika tetemeko la ardhi daraja lililoshikana haliko hatarini zaidi?

Lina nguvu kubwa zaidi za kupokea, lakini lina njia chache za kuanguka. Tetemeko la San Fernando la mwaka 1971, huko California, liliangusha vipande vya madaraja vilivyochomoka kutoka kwenye vikalio vyembamba kwenye viungio, na mwaka 1989 kipande cha mita 15 cha daraja la San Francisco–Oakland Bay kiliporomoka kwa namna hiyohiyo. Daraja lisilo na kikalio haliwezi kuchomoka, na udongo nyuma ya egemeo hulipunguzia mtikisiko. Msanifu hana budi kuhakikisha tu kwamba vichwa vya nguzo za msingi vinaweza kupinda sana bila kuvunjika.

Swali: Ninasimamia ujenzi wa daraja fungamano kwa mara ya kwanza, boriti ni za chuma. Zege la kufungia ncha nilimwage lini?

Jioni au usiku, na ikiwezekana siku ya mawingu. Boriti za chuma zilizo wazi hupata joto haraka juani, na zikirefuka wakati zege la ncha linashika, zitalivuruga likiwa bado bichi. Mwaga sakafu ya sehemu ya kati kwanza, ili boriti zimalize kuinama kwa uzito huo na ncha zake zizunguke zikiwa bado huru. Boriti kingamo na mita za mwisho za sakafu zifuate. Andika joto la chuma, si la hewa, saa unayomwaga, kwa kuwa hilo ndilo litakalokuwa sifuri ya daraja maisha yake yote, na mkaguzi atakayepima mwendo miaka 20 baadaye atalihitaji.

Usijaze kifusi kabla zege hilo halijafikia nguvu iliyoandikwa kwenye michoro. Ukianza, jaza pande zote mbili kwa zamu, tabaka kwa tabaka, bila upande mmoja kuutangulia mwingine kwa zaidi ya kile mchoro unachoruhusu, na karibu na ukuta tumia mashine ndogo ya kushindilia. Mkandarasi atakuomba amalize upande mmoja kwanza kwa sababu gari la changarawe liko huko. Mkatalie.